Sipigi Mkono Mpaka Apande

Kwetu huku nyuma ya tuta la kuzuia bahari, mtu hanunui farasi peke yake. Akienda peke yake, watu watauliza anaficha nini. Ndiyo maana Jumamosi ile tulikuwa watatu na keki moja ndani ya gari la Tomke Reents: Tomke mwenyewe, Folkert ambaye ni mwalimu wa klabu yetu ya farasi, na mimi Hilke, mwenye jiko la klabu. Keki niliipakata mimi. Folkert na keki ya siagi hawaachwi kiti kimoja.

Tomke ni fundi wa vigae. Nusu ya mabafu ya kijiji chetu kayapanga yeye, na goti lake la kulia linajua kila moja. Miaka miwili iliyopita farasi wake wa zamani alimwangusha msituni, Tomke akavunjika nyonga, akalala kwenye majani saa mbili nzima mpaka akapita mtu anayetembeza mbwa. Nyonga ilipona. Farasi alizeeka, akapelekwa malishoni. Tomke akaendelea kuja klabuni kila siku kama kawaida, kavaa buti zake, akisugua farasi wa wenzake, akinisaidia vikombe. Ukimwambia panda, leo goti, kesho mvua, keshokutwa simu ya mteja. Mwisho watu wakaacha kumwambia.

Mwaka huu akaanza kutafuta farasi mwingine. Tulishakwenda kuona wawili kabla ya huyu, na mara zote mbili ilikuwa hadithi moja: Folkert anapanda, Tomke anashika uzio, tunarudi nyumbani tukisifu. Wiki mbili kabla ya Jumamosi ile aliniambia jikoni, kitambaa cha vikombe mkononi, bila kunitazama:

"Hilke, nikimnunua farasi halafu nisimpande mimi, nauza buti. Naachana na mambo haya kabisa."

Siri hiyo niliitunza wiki mbili. Wanaonijua wanajua kwamba hiyo kwangu ni rekodi.

Tulikuwa tumeahidiana na mwenye farasi, Mzee Dierk Onnen, saa nne asubuhi. Tukafika saa tatu. Huo si utovu wa adabu, ndiyo akili ya mnunuzi: ukifika kwa wakati unamkuta farasi keshakimbizwa, kaogeshwa, katulia kama bibi harusi. Ukiwahi unamkuta alivyo. Mzee Dierk alitoka na kandambili za nyumbani, kikombe cha chai mkononi.

"Tulisema saa nne!"

"Barabara ilikuwa tupu, mzee," Tomke akasema.

"Barabara hii ilikuwa tupu hata babu yangu alipokuwa hai. Mmekuja kunikagua, semeni tu."

"Tumekuja na keki," nikasema mimi, na hapo uso wake ukalegea kidogo.

Farasi alikuwa nje malishoni, matope mpaka masikioni. Jina lake la kwenye karatasi lilikuwa refu, lakini pale nyumbani walimwita Fokko. Miaka tisa, rangi ya kahawa nzito, kahasiwa, na kwenye paja la kushoto muhuri wa O yenye taji, yaani wa Oldenburg, wa ukoo unaojulikana.

"Damu vuguvugu halisi," Mzee Dierk akasema akimpigapiga shingoni. "Si yale majitu ya kukokota magogo, wala si wale wa mbio wenye kichaa. Huyu ana moto, lakini wa jikoni. Si wa kuunguza nyumba."

Nilimtazama Tomke. Alikuwa kashika kwato la mbele, anakwangua tope taratibu kwa kidole gumba, na farasi kamwekea pua mgongoni. Nikajua tumekwisha. Huyu kampenda.

Kwa desturi, mwenye farasi hupanda kwanza, maana kama yupo wa kuangushwa, aanze anayeuza. Binti yake Mzee Dierk, Imke, akampanda kwenye uwanja wa mchanga, robo saa, vizuri tu. Kisha Folkert. Na Folkert, Mungu ampe afya, akiona watazamaji hasikii tena la mwadhini wala la kengele. Dakika arobaini alikuwa juu. Akamtembeza kwa madaha, akamdundisha, akamkimbiza shoti mviringo mkubwa na mviringo mdogo, farasi akinyanyua miguu kama sakafu ni ya moto. Mke wa Mzee Dierk, Mama Meta, alitoka na birika, tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, siwezi kukana.

Folkert akashuka, uso mwekundu. Farasi alikuwa kalowa jasho mpaka kifuani.

"Tomke! Haya, mama! Sasa hivi ni kama sofa, hata bibi yako angempanda."

Tomke akavaa kofia ngumu. Akaanza kufunga mkanda wa kidevuni. Ukateleza. Akafunga tena, ukateleza tena. Watu watano tumesimama, tunamtazama kidevu. Akaivua kofia.

"Nimeona vya kutosha," akasema. "Namchukua."

"Yuro elfu kumi na nane," Mzee Dierk akasema upesi.

"Kumi na saba."

"Kumi na saba na nusu, na blanketi zake za baridi juu yangu."

"Haya."

Mzee akanyoosha kiganja. Tomke akakishika. Halafu wote wawili wakanigeukia mimi.

Niseme hapa jambo linavyokwenda. Kwetu farasi hauzwi kwa karatasi, karatasi huja baadaye. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono, na mtu wa tatu asiyepata faida yoyote anapiga kiganja chake juu ya mikono yao, pa! Ikishapigwa, imepigwa. Ni daktari wa mifugo peke yake, akikuta mguu mbovu, anayeweza kuirudisha. Imke na Mama Meta ni wa nyumba ya muuzaji, hawafai. Folkert hafai, kwa sababu muuzaji humpa mwalimu kitu kidogo baadaye, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema, isipokuwa mimi sasa. Nikabaki mimi na sahani yangu ya keki.

"Piga, Hilke," Tomke akasema.

Mikono miwili ilikuwa hewani. Nikaishika sahani kwa mikono yangu yote miwili.

"Sipigi."

"Nini?"

"Sipigi mkono mpaka upande."

Farasi akapiga chafya.

"Shoga, usinitie aibu mbele za watu," Tomke akasema, sauti ya chini. "Weka keki chini upige."

"Keki iko pazuri hapa ilipo."

"Wewe mwanamke!" Folkert akadakia. "Umekuja kula au kuharibu biashara? Nimempanda mimi, nimekwambia ni salama!"

"Basi mnunue wewe, mwalimu."

"Pesa ni zangu!" Sasa Tomke alikuwa anapiga kelele. "Hilke, pesa zangu, nyonga yangu, farasi wangu! Wewe ni nani?"

"Mimi ni mpiga mkono. Na mkono huu hautaki."

Mzee Dierk alikuwa bado kanyoosha kiganja kama mtu anayepima mvua. Akakirudisha mfukoni. Alimtazama Tomke, akanitazama mimi, na nadhani alielewa zaidi ya Folkert, maana hakukasirika.

Tomke akaichukua tena ile kofia. Safari hii mkanda ulifungika. Akamwendea farasi, akaweka mguu wa kushoto kwenye kikuku cha tandiko, akashika singa. Akasimama hivyo hivyo, mguu mmoja juu, mmoja chini. Nilihesabu mpaka ishirini na tano. Kisha akautoa mguu, akaushusha chini.

"Amechoka," akasema. "Farasi amechoka. Nikipanda sasa sitajua nimempanda nani."

"Si ndiyo vizuri!" Folkert akasema. "Sofa!"

"Sinunui sofa." Akamgeukia Mzee Dierk. "Kesho asubuhi nitakuja peke yangu. Asipandwe na mtu. Nitamtoa mwenyewe malishoni, nitamtandika mwenyewe. Na nyinyi wote mkae ndani."

"Kuna mtu wa Bremen anakuja kesho saa nane mchana," Mzee Dierk akasema. Kila muuzaji wa farasi ana mtu wa Bremen wa kumharakisha mnunuzi.

"Nikishindwa, muuzie huyo wa Bremen."

Njia nzima kurudi hakuna aliyenisemesha. Folkert aliongea na dirisha. Tomke aliponishusha klabuni nilimwambia asante kwa lifti, akasema, "Funga mlango vizuri." Keki ilirudi nzima, na hiyo peke yake inaeleza tulivyoachana.

Usiku sikulala vizuri. Nilifikiri: kama kesho asipopanda, atauza buti, na atasema mpaka kufa kwamba ni mimi niliyemvunja. Na huenda ni kweli. Angemnunua, wiki ijayo angepanda, nani ajuaye. Ningekuwa na rafiki bado.

Jumapili chumba cha klabu hujaa. Mvua ilikuwa inanyesha, basi hata wale wasio na farasi walikuja kunywa kahawa na kuwasema wenye farasi. Folkert alikuwa meza ya katikati anaeleza kwa mikono nilivyokataa, na kwenye maelezo yake mimi nilikuwa mnene zaidi. Saa sita kasoro mlango ukafunguka. Tomke, kalowa mpaka kwenye nywele, na nyuma yake Mzee Dierk kavaa viatu vya kanisani.

Wakaja moja kwa moja kwenye kaunta yangu. Tomke hakunisalimia. Aliweka mkono wake kati ya mtungi wa maziwa na sahani ya mkate, na Mzee Dierk akaushika.

"Kumi na saba na nusu," mzee akasema. "Piga."

Nilimtazama Tomke. Goti la suruali yake lilikuwa na tope, na kiganja chake kilikuwa kimechunika.

"Umepanda?"

"Muulize mzee."

"Mimi nilikuwa nimefungiwa ndani kama alivyoagiza," Mzee Dierk akasema. "Lakini jikoni kwangu kuna dirisha, sikuahidi kufumba macho. Saa nzima kwenye mvua. Mara moja kware aliruka majanini, farasi akaenda kando hivi, mama huyu akaning'inia shingoni kama shali. Meta akalia. Halafu huyu akajivuta, akarudi juu, akaendelea."

"Alitetemeka?" nikauliza.

"Mimi niko hapa, Hilke," Tomke akasema. "Niulize mimi."

"Ulitetemeka?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Sasa utapiga, au nimtafute mpiga mkono wa Bremen?"

Nikapangusa kiganja kwenye aproni, nikapiga. Maziwa yakamwagika.

Watu wakashangilia, mtu akaagiza vikombe vya kila mtu, na Folkert akasukumana na viti mpaka kwenye kaunta, uso umeng'aa kana kwamba wazo lilikuwa lake.

"Haya, pongezi, pongezi! Daktari Alhamisi, farasi anakuja Jumamosi. Mimi nitampanda lini?"

Tomke alikuwa anatafuta leso ya kufuta maziwa.

"Nikiumwa," akasema.