Komeo la Mara Tatu

Kach. Kimya. Kach. Kimya. Kach.

Umeme ulikuwa umekatika, nami ndiyo kwanza narudi kutoka darasa la jioni la uandishi. Nilisimama nje ya mlango wetu gizani, nikingoja mdogo wangu amalize kulijaribu komeo. Kila jioni hulifunga na kulifungua mara tatu, ahakikishe linafunguka kwa ndani. Tangu ule moto wa kiwandani, miaka minne sasa, sijathubutu kumharakisha.

"Ni mimi," nikasema.

"Najua. Viatu vyako vinajitangaza vyenyewe."

Ndani, mshumaa ulikuwa mezani, na kando yake daftari langu limefunuliwa. Nilikuwa nimelisahau nyumbani. Humo mlikuwa na hadithi yangu ya vijana, ile aliyoisifu mwalimu hata akataka nimpe kesho ichapishwe pamoja na za wenzangu: binti wa ufalme wa mawinguni, aliyefungiwa na mchawi ndani ya mnara unaoungua, na tangu aokoke hujaribu kila komeo mara tatu. Kisha anatua mwana wa mfalme mwenye mabawa, anambusu, na binti analala fofofo, mlango umefungwa.

"Mwanao alitaka hadithi," mdogo wangu akasema. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa kajilaza mkekani, macho kayafumba kwa nguvu mno kwa mtu aliyelala. "Nikamsomea. Nilipofika kwenye komeo, sauti ikakatika."

"Mdogo wangu, nisamehe..."

"Subiri nicheke kwanza. Busu moja tu, dada? Mchumba wangu, yule seremala, kanibusu mwaka mzima na komeo bado nalishika. Huyo wa mabawa aje amfundishe kazi."

Nilitaka kucheka naye. Nikaishia kulitazama daftari.

"Unajua seremala nilimpendea nini? Siku ya kwanza alipokuja hapa aliketi pale, karibu na mlango. Akaniona ninavyoutazama. Akanyanyuka, akahamishia kiti ukutani, njia ikabaki nyeupe mbele yangu. Hakuuliza neno. Sikupona, dada. Nilipumua tu."

Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa. "Lakini hilo dogo. Nimetafuta humu mwanzo hadi mwisho. Wewe uko wapi?"

Nilijua anachouliza. Zamu ya siku ile ya moto ilikuwa yangu. Mtoto alikuwa na homa, nikamwomba mdogo wangu anishikie cherehani, siku moja tu. Msimamizi alikuwa na tabia ya kuwafungia mafundi kwa nje hadi oda iishe. Niliijua tabia hiyo. Sikumwambia, nikichelea atakataa kwenda. Halafu nikaandika mchawi, mnara na mabawa. Dada nikamfuta.

"Niliogopa utanichukia," nikasema.

"Nilikuchukia, nilipogundua ulijua wanatufungia kwa nje. Mwezi mzima hivi. Ila ulikuwa unanipaka dawa mgongoni huku unalia, machozi yanadondokea vidonda, yanachoma! Nikachoka kuchukia."

"Kesho nitamwambia mwalimu sina hadithi."

"Uniibie, kisha utupe? Thubutu. Muweke dada humo, aseme alichokuwa anakijua. Na huyo mwana wa mfalme mnyang'anye mabawa, mpe kiti. Ukimaliza, nisomee mimi kwanza. Nikikataa, haiendi kwa mwalimu wala kwa mtu yeyote."

"Sawa."

"Na usinifanye mrembo sana. Watu watanijua."

Nikashika kalamu. Neno "Dada" lilikaa peke yake kwenye mstari muda mrefu, mpaka nta ikaanza kudondokea meza. Nilipofika pale dada anapoijua ile tabia na kunyamaza, nilikata mstari, nikaanza upya. Nikaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mbaya. Mdogo wangu hakuniangalia. Alikuwa anautazama mlango.

Nikainuka. Nikatoa komeo, nikausukuma mlango hadi mwisho, nikaburuta kiti changu mpaka ukutani. Upepo uliulaza mwali wa mshumaa. Mkekani, aliyejifanya kalala akainua kichwa.

"Mama mdogo," akasema, "mlango uko wazi."