Sikuja Kuchimba

Usiku wa jana niliota basi letu limesimama porini, mahali fulani kabla ya kufika Singida, na kondakta anatangaza, "Dakika kumi za kuchimba dawa. Asiyerudi tunamwacha." Mke wangu, Mama Tulo, alibaki kwenye kiti akilinda mahindi yetu ya kuchemsha. Mimi nilishuka. Mimi ni afisa utumishi wa halmashauri. Hata nikibanwa natembea kwa hadhi.

Nyuma ya kichaka cha kwanza kulikuwa na dirisha la ofisi, limechomoza ardhini. Ndani yake alikaa nyoka mwembamba kama kamba ya kiatu, anapanga mafaili kwa kidevu.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana alionekana wa rika la mama yangu.

"Marahaba. Shida yako?"

"Naomba kuchimba dawa."

Akaandika: *Anaomba kuchimba.*

Sasa niko chini ya ardhi. Ofisi ni ndefu sana na upana wake ni wa bomba la maji. Mabega yangu yamekwama kwenye kuta.

"Ndiyo maana tunapunguza," alisema yule mama. "Sisi tulipoingia shimoni tulipitia muundo wetu upya. Miguu ilikuwa inakwama, ikapumzishwa. Masikio yalijaa mchanga, tukayaziba. Sasa tunasikia kwa taya. Kope tukaziunganisha zikawa kioo. Pafu la kushoto lilikwenda likizo, halijarudi mpaka leo."

"Na kazi anafanya nani?"

"Pingili za mgongo. Tumeajiri mia mbili na themanini. Zote ni ndugu."

Nilimwelewa. Hata kwetu halmashauri ndivyo tunavyopunguza watumishi.

"Lakini nimesikia wengine wanasema nyoka mlianzia baharini," nilisema, ili kuvuta muda.

"Kamati bado inakaa. Wa baharini walileta hoja zao zikiwa zimelowa, hazisomeki."

Kisha akatoa barua ya miguu yangu. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana. Niliitambua, kwa sababu niliiandika mimi, jana mchana, kwa ajili ya Bi. Sikitu, mfagizi wetu wa miaka kumi na tisa. Walichobadilisha ni jina tu.

Mguu wa kushoto unaisoma kwa sauti. "Kufuatia mapitio ya muundo, unapumzishwa. Tunakushukuru kwa utumishi wako uliotukuka."

"Kupumzishwa ndiyo nini?" unauliza wa kulia, ambao haukusoma.

"Kufukuzwa. Ila wanakushukuru kwanza."

Wa kulia unafikiri kidogo. "Sisi ndio tuliompeleka kumposa Mama Tulo," unasema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Tulizama kwenye tope mara mbili na hatukulalamika."

Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Sikujua nitazame wapi.

Juu, basi linapiga honi. Naisikia kwa taya, masikio yameshazibwa. Miguu inafunga virago.

"Mama," nilisema, "mbona chatu wameachiwa kucha mbili karibu na mkia?"

"Hayo ni mabaki ya miguu ya zamani. Yanashughulikia mambo ya ndoa, hatukuweza kuyagusa. Na wewe utabakiziwa ukucha mmoja kila upande. Saini hapa."

Honi ya pili. Namuona akilini Mama Tulo akiondoka na mahindi, bila mume, na mimi nikibaki humu na kucha mbili.

"Kuna makosa," nilisema. "Mimi sikuja kuchimba."

"Hapa pameandikwa kuchimba."

"Ni namna tu ya kusema."

"Ya kusema nini?"

Miaka arobaini na sita sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu niliyempa shikamoo. Miguu yangu miwili ikanitazama.

"Nimekuja kukojoa, mama."

Pingili zote mia mbili na themanini zikaacha kazi. Yule mama akavuta jalada langu taratibu, akafuta mstari mmoja kwa kidevu.

"Kukojoa hakuhitaji kukatwa miguu," alisema. "Ungesema mapema. Mnajiponza na maneno yenu ya adabu." Akanirudishia barua. "Na hii nayo, kaiseme kwa jina lake."

Niliamka. Kitanda kilikuwa kikavu, namshukuru Mungu.

"Baba Tulo, umenipiga mateke mpaka alfajiri," alisema mke wangu akifunga khanga.

"Miguu yote miwili?"

"Yote."

Nilikwenda mezani kuchukua barua ya Bi. Sikitu niipeleke kazini. Juu ya karatasi palikuwa na mstari mwembamba wa udongo mwekundu, umepindapinda kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Ulikuwa umepita juu ya neno "unapumzishwa" na kulifuta kabisa.

Nikakaa, nikaandika neno lenyewe, "unafukuzwa", pale palipobaki wazi. Kalamu ilikubali. Nilipofika kwenye saini, mkono ukagoma.