Vichaka Vilivyosuguliwa

Kaka mtu alishakata shauri, na akishakata huwa hashauriki. Mama akitoka hospitali, akiweza kutembea peke yake kutoka getini hadi mlangoni, atabaki kwake. Asipoweza, atahamia kwa kaka, ghorofani, kwenye chumba kinachotazama ukuta wa jirani. Macho ya mama yalikwisha kuzimika zamani. Ombi lake lilikuwa moja tu: aachwe azeekee kwake.

Dada mtu, fundi cherehani, akajitwika mapokezi. Vichaka vya maua vilivyopanga mstari kando ya njia vilitia huruma. Vidukari, wadudu wafyonza utomvu, walijazana kwenye machipukizi, na kuvumwani, ule uoto laini wa kijani, ulikuwa umevaa mashina mpaka juu. Muuza dawa za mimea alimwambia apulize maji ya sabuni, akate matawi yaliyooza, basi. Uoto hauui mti, alisema, uachie.

Fundi asikie wapi! Jirani alipita akasifu, "Mwenzangu, hapa patakuwa kama hotelini!" Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Fundi akachukua brashi ngumu ya kufulia, akasugua kila shina likang'aa. Kisha akashika mkasi, akavinyoa vichaka vyote sawasawa kama vichwa vya wanafunzi siku ya kufungua shule.

Gari lilipofika, mama alikataa kushikwa na mwanawe.

"Niache, baba. Hii njia naijua."

Akanyoosha mkono kushoto, ukapapasa hewa. Akainama, akalipata shina la kwanza, akalipapasa juu na chini. Akasogea hadi la pili. Hapo akasimama.

"Mmenileta wapi?"

"Nyumbani, mama," fundi akasema.

"Usinidanganye, mwanangu. Kichaka changu cha kwanza kina manyoya. Cha pili kina upele. Cha tatu kinanifika begani, ndipo ninapopinda. Hivi vyote ni kimoja."

Siku zote fundi alidhani mama anashika vichaka kwa kupenda maua tu. Kumbe alikuwa anatafuta njia.

"Ni mimi, mama. Nilivisafisha. Nilitaka ufurahi." Akamgeukia kaka yake. "Mpe muda, tafadhali. Vitaota tena."

"Vitaota lini?" kaka akauliza.

Uoto ule ulichukua miaka kushika mashina, na mama hakuwa tena na miaka ya kungojea. Alikuwa amesimama katikati ya njia yake mwenyewe, akitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu, na woga ulimjaa usoni.

Mama akapapasa mpaka akaupata uso wa binti yake, akakuta machozi.

"Usilie. Umefanya kazi nzuri. Ni visafi kweli."

Kisha akageuka, akanyoosha mkono kuelekea sauti ya mwanawe.

"Nishike, baba. Twende kwako."