Nakala za Nasaha

Alhamisi asubuhi kompyuta ya mpiga video iligoma. Diski ilikuwa imejaa pomoni, na Jumamosi kulikuwa na harusi ya kurekodi. Fundi wa kompyuta alivuta kiti, akanusa kuelekea jikoni ili akumbukwe kwenye chai, kisha akapekua.

"Dada, humu umeshindilia harusi za mji mzima. Futa."

"Nifute ya nani? Mwenyewe akija kuiulizia nimwambie imeenda sokoni?"

"Basi tufute vinavyojirudia tu. Kinabaki kimoja, vingine vinatoka. Hutapungukiwa na kitu."

Programu ikachambua. Kila harusi ilikuwa na keki yake, wapambe wake na mjomba wake aliyecheza hadi akapoteza kiatu. Kilichojirudia kilikuwa kitu kimoja: nasaha za Mama.

Mama yake mpiga video ndiye aliyeitwa kila harusi kumpa bibi harusi maneno. Alianza kwa bintiye wa mwisho, na siku hiyo watu walilia hadi wanja ukawachuruzika. Tangu hapo harusi isiyo na Mama ilihesabiwa kuwa sherehe ya kuzaliwa. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili, akakohoa mara moja, akasema: "Mwanangu, kwa mume kuna mlango wa kuingilia tu. Moshi ukizidi, fumba macho. Mvumilivu hula mbivu." Programu haikuona tofauti hata ya kope.

Fundi akabonyeza. Wa kwanza kutoka nyuma ya kompyuta, pale penye nyaya, alikuwa mke wa kinyozi, na shela lake kichwani na begi mkononi. Akasalimia, akakaa kwenye kochi. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Wengi wao saa hiyo walikuwa pia sokoni au kazini. Hawa wa hapa walivaa magauni ya siku ya harusi, na habari walizobeba zilikuwa za miaka yote. Sebule ikajaa, wengine wakakaa sakafuni. Mpiga video akaongeza maji kwenye birika.

"Wako bado anapima chumvi?" aliuliza mmoja.

"Wangu anapima safari zangu za dukani."

"Heri yako shoga. Wangu hapimi, anapiga."

Wakacheka, wakagongana mabega. Kisha wakapuliza chai.

Mama akatoka chumbani, akawatambua wote. "Jamani wanangu! Mmekuja kunisalimia?"

"Tumekuja kukaa, Mama," alisema mke wa kinyozi.

Mpiga video hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akitazama nyaya. "Mdogo wangu mbona hatoki?"

"Yule ndiye wa kwanza, programu imembakiza," alisema fundi. "Ukimfuta naye atatoka. Ila humu hutamwona tena."

Mdogo wake alikufa kwa kuanguka kwenye ngazi, katika nyumba isiyo na ngazi. Matanga yalijaa watu, na hakuna aliyeziulizia hizo ngazi. Shemeji alilia kuliko wote, akasifiwa kwa hilo. Harusi ya Jumamosi ilikuwa ya huyo shemeji. Kwa mpiga video, mdogo wake alikuwa amebaki ndani ya video ile tu, akicheka na kuziba pengo la jino kwa kiganja.

Akafikiria hadi chai ikapoa. Akafuta.

Mdogo wake akatoka peku, shavu moja limevimba, begi la buluu lenye zipu mbovu begani. Ndilo alilokuja nalo mara ya mwisho akiwa hai.

"Dada, umekonda," alisema. Kisha akamgeukia mama yao. "Mama, leo kuna nafasi?"

Mama akatazama kochi, akatazama sakafu. "Si unaona mwenyewe, mwanangu? Nyumba imejaa. Nenda kwako, kesho tutazungumza."

Mara ile alisema hivyohivyo, na nyumba ilikuwa na watu wawili.

"Atalala na mimi," alisema mpiga video. "Kitanda changu kinatutosha."

"Na watu watasemaje? Mumewe anaoa keshokutwa, yeye alale hapa kama aliyeachika?"

"Usigombane na Mama, dada," alisema mdogo wake. Akanywa chai yake yote, akaosha kikombe, akatoka. Wengine wakainuka nyuma yake, mmoja mmoja, wakishika pindo za magauni zisiguse tope. Fundi akawasaidia mabegi hadi barabarani, kisha akarudi kumalizia chai yake.

Jumamosi shemeji alipendeza. Mama akapewa maikrofoni, akaishika kwa mikono miwili, akakohoa mara moja. "Mwanangu, kwa mume kuna mlango wa kuingilia tu." Bibi harusi akalia, vigelegele vikapaa. Mpiga video akamsogezea kamera hadi machozi yakaonekana vizuri.

Jioni akaingiza harusi hiyo kwenye kompyuta. Programu ikachambua, ikasema hakuna kinachojirudia. Diski ilikuwa na nafasi tele.

"Sauti yangu imetoka?" Mama aliuliza kutoka chumbani.

"Imetoka, Mama," alisema. "Imetoka vilevile."

Kisha akaenda jikoni, akajaza birika maji ya watu wengi.