Panya Walioshika Nafasi

Kila siku saa moja asubuhi Taib hufungua stoo ya mabati huko Satellite na kuizunguka mashua mara tatu. Mara ya kwanza hutazama miguu ya jukwaa lake la mbao, aliyoisimamisha ndani ya makopo ya mafuta taa ili mchwa na siafu wasipande. Mara ya pili hukagua tundu la kutolea maji, aliloliziba kwa waya wa kusugulia sufuria. Mara ya tatu hubadilisha vidonge vya nafthalini vya kufukuza wadudu chini ya viti. Baada ya hapo hana kazi nyingine mpaka jioni.

Mashua ilinunuliwa mwaka uliopita, baada ya mto kuchukua watu kule bondeni. Ni ya fibaglasi, nyeupe, ina injini na viti kumi na viwili, na tangu iteremshwe kwenye lori haijawahi kulowa. Taib aliajiriwa kuilinda na wadudu kwa kuwa kitambulisho chake kinasema amezaliwa Faza, visiwani Lamu, na wakubwa wa idara iliyoinunua wakaona mtu wa Faza hawezi kushindwa na mashua. Taib ni mshona kofia. Chombo cha majini humtapisha hata kikiwa kimetia nanga. Lakini hakuna aliyemuuliza, naye kibarua alikihitaji.

Mwezi wa nne, wiki moja kabla ya uzinduzi wake, panya waliingia. Hawakutafuna waya wala mpira wa petroli, na hawakuacha hata punje ya mavi. Walileta vitu kutoka bondeni, kimoja kwa kila kiti: kijiko, tai ya shule, rozari, meno ya bandia, funguo za kufuli, na vingine vya namna hiyo. Taib alielewa papo hapo. Kila mwezi yeye huenda kliniki ya kisukari Upper Hill, na huko watu hufika alfajiri, wakapanga kadi zao kwenye benchi, kisha wakaenda kunywa chai. Kadi hukaa badala ya mtu na hakuna anayethubutu kuiruka. Panya walikuwa wanawashikia watu nafasi.

Alimpigia simu Maureen, ofisa aliyekuwa na dhamana ya mashua.

“Madam, panya wamewashikia watu wa bondeni nafasi ndani ya mashua.”

“Wangapi?”

“Kumi na wawili. Viti vimejaa.”

“Wanakula waya?”

“Hawali kitu.”

“Basi toa hizo vitu uweke kwa gunia. Mheshimiwa anakuja Ijumaa kukata utepe, na si unajua vile anapenda usafi.”

Taib alivitia guniani. Asubuhi yake akavikuta vimerudi, kila kimoja kwenye kiti chake. Akavitoa tena. Ikawa ndiyo kazi ya mara ya nne.

Jumatano, mzee mwenye meno ya bandia alihamia kwa mwanawe Kinoo, na meno yakaondoka. Alhamisi asubuhi, kwenye kiti hicho karibu na injini, Taib alikuta ndara ya buluu yenye kamba iliyoshonwa kwa uzi wa kofia. Mshono ulikuwa wake mwenyewe. Ndara ilikuwa ya Shahida, binti yake wa pekee, aliyepanga chumba kando ya mto.

“Mwanangu, ndara yako i wapi?” alimuuliza kwa simu.

“Moja imepotea, baba. Kwani unayo?”

“Imo mashuani. Chukua mtoto, uje kwangu sasa hivi.”

Shahida alifika stoo kabla ya saa nne, mtoto mgongoni. Panya mmoja akateremka mashuani na ndara mdomoni, akaiweka mbele ya mguu wa Shahida, akatoka. Aliporudi alikuwa na kitana chekundu, akakiweka kwenye kiti kile kile.

“Hicho ni cha Nanyama,” Shahida akasema. Nanyama ndiye jirani aliyemlelea mtoto kila alipokwenda kufulia watu nguo. “Baba, na yeye je?”

Taib akamwambia chumba chake ni kimoja na kitanda ni kimoja. Neno hilo alilisema kwa upole, na mpaka leo linamuuma.

Kisha akampigia Maureen. “Madam, maji yaja. Tuitoe mashua leo.”

“Mzee, hiyo kitu haijazinduliwa. Ikiguswa kabla ya Mheshimiwa, mimi na wewe tutaenda nyumbani. Na funguo ziko hapa ofisini. Ngoja tu kesho.”

Mchana mvua ilinyesha juu, upande wa Kinoo. Satellite palikuwa na manyunyu tu. Alasiri panya kumi na wawili waliingia, wakakaa vitini kando ya vitu vyao, wakatazama mbele. Taib aliifungua milango yote miwili. Hakuna lori lililokuja kuibeba mashua. Saa kumi na moja panya wa tai ya shule aliteremka, akaenda zake. Akafuata wa kijiko. Wa kitana alikuwa wa mwisho, akashuka wakati wa adhana ya magharibi. Vitu vilibaki vitini.

Redio ilisema usiku mto ulichukua watu kumi na tisa.

Ijumaa asubuhi Taib alivirudisha vitu guniani. Mheshimiwa akaja, akaomba dakika moja ya kimya, akakata utepe, akapitisha kidole kwenye kiti na kumsifu Taib kwa usafi. Mashua ikapigwa picha, ikafunikwa. Maureen akaagiza isiguswe tena mpaka bima itoke.

Wiki iliyofuata jamaa za wafu, waliposikia habari za vitu hivyo, walipanga foleni mlangoni mwa stoo. Taib aliwapa vitu kutoka guniani, nao wakatia sahihi. Isaiah, mume wa Nanyama, alikuja na buti za mjengo zenye saruji. Alikitia kitana mfukoni, lakini hakuondoka.

“Alikuwa na kiti?” aliuliza.

“Alikuwa nacho. Kile karibu na injini.”

Isaiah alikisogelea. Kisha akaomba akikalie kidogo tu.

Taib akamwambia hairuhusiwi, bima bado haijatoka. Isaiah akasema anaelewa.