Mabati ya Valéry

Kila Alhamisi saa tisa baraza langu hapa Bwiza linajaa watu, na mimi napenda likijaa. Kabla ya sala habari zote za mtaa zinapitia kwangu: nani kahama, nani kaoa kimyakimya. Kisha mzee wa kanisa Astère anagonga meza, tunaanza kuungama dhambi mmoja mmoja, kwa sauti. Ndiyo desturi yetu sisi tuliookoka.

Siku ile Concilie alisimama akilia. "Wapendwa, juzi nilitamani kitenge cha jirani."

"Bwana asifiwe! Umesamehewa, dada," tukaitikia wote.

Mwingine alikuwa ametukana mbuzi. Bwana asifiwe.

Nikatazama juu, hasira ikanipanda. Mabati yaliyotufunika yalikuwa ya Valéry, fundi wa magari, jirani yangu wa nyumba ya nne, aliyekimbia risasi pamoja na watoto wake wakati wa vurugu za siasa. Kesho yake vijana waliezua nyumba yake mchana kweupe, wakauza. Nilinunua mabati kumi, nikijua. Concilie alichukua mlango, Astère madirisha. Wiki za kwanza roho ilinisuta, baadaye nikazoea. Hilo ndilo lililonichoma. Nimezoea!

Nikasimama. "Mi naungama. Haya mabati ni ya wizi, ya Valéry."

Astère akatabasamu. "Mama Carmen, we ulinunua. Tena hiyo ni politiki, si zambi."

"Kutamani kitenge ni zambi, kubomoa nyumba ya mutu ni politiki?"

"Usituletee maneno."

"Apana, mzee! Kila asubuhi unachungulia kwa madirisha ya nani?"

Tabasamu likamtoka. "Ukiendelea, Alhamisi ijayo tunasali kwangu."

Alijua pa kunipiga. Nyumba bila watu, kwangu ni kaburi. Hata hivyo nikaleta nyundo, nikapanda mezani.

"Mvua ikikunyeshea usituite!" Concilie akacheka, Biblia tayari kwapani.

Bati la kwanza likang'oka, jua likampiga Astère kwenye kipara. Wakaondoka wote, chai yangu wameiacha vikombeni. Akabaki Daphrose peke yake, mjane ambaye hata salamu huitikia kwa kichwa tu. Alikuwa ameshika miguu ya meza nisianguke.

"Dada yake Valéry anakaa Ruziba," akasema. "Mi najua kwake."

Nikamwangalia. Hakuinua macho.

"Na mi niko na sufuria mbili za Valéry."

"Kazilete," nikamwambia, nikarudi kwenye misumari.