Kamati Mbili za Flaviana

Alhamisi Flaviana alitetea tasnifu yake ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha mji wa Richardson. Kamati ya maprofesa ilimfaulisha kwa sharti: aandike upya sura ya nne na msimamizi wake aikubali, ndipo shahada itolewe.

Kamati ya pili, ile ya sherehe, iliongozwa na shemeji yake Melkiori. Hiyo ilikuwa imekodi ukumbi wa Jumamosi tangu Aprili.

"Shemeji, ahirisheni," Flaviana alimwambia kwa simu. "Mimi bado si daktari."

"Watu wanatoka Houston, mbuzi wameshachinjwa. Kamati yetu imekupitisha."

"Kamati yenu haitoi shahada."

"Na yao haipiki pilau," alijibu Melkiori. "Njoo bwana."

Alikwenda. Hakutaka kuwaaibisha wageni, lakini hakutaka pia kuitwa kwa cheo ambacho hajakipata.

Shughuli ilipoanza, Melkiori alishika kipaza sauti. "Namwita mbele Daktari Flaviana!"

Vigelegele vikapigwa. Flaviana hakuinuka. Alipoitwa mara ya pili, aliendelea kunywa maji yake. Mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Ana kiburi huyu," mtu alisema nyuma.

Melkiori akamtazama shemeji yake, kisha akacheka. "Haya, namwita mwanafunzi Flaviana."

Hapo akasimama, akaenda mbele, akawashukuru wote na kukata keki. Baada ya chakula aliomba afungiwe pilau, akarudi nyumbani kwenye sura ya nne.